Taa ya Chini ya Kiti

Likikaa siku mbili tatu bila kuguswa, gari la Fundi Cheche lilikuwa linakufa. Wala si kufa kwa makelele. Ukizungusha ufunguo unasikia "tk" moja, kama mtu aliyesonya, halafu kimya. Mwanzoni lawama zote alibebeshwa betri, maana betri ndiye husingiziwa siku zote. Ikanunuliwa mpya. Zikapita siku mbili tatu: tk. Jirani yao, dereva wa basi la shule, ambaye kila mara ndiye aliyeitwa kuja kusukuma, akasema labda gari nalo limestaafu pamoja na mwenyewe, ila hakuna aliyekumbuka kulifanyia sherehe ya kuagwa.

Fundi Cheche hakucheka. Umeme wa magari ulikuwa kazi yake tangu ujanani. Magari yaliyowashinda wengine, yale yanayopiga honi yenyewe, yanayowasha waipa ukikanyaga breki, yaliletwa kwake yakivutwa kwa kamba, na yaliondoka kwa miguu yao. Leo la kwake mwenyewe limelala uani, naye hawezi kulitazama likamwambia linaumwa nini. Presha ya macho ilikuwa imemla kuona kwake taratibu, kama panya anavyokula mkate kuanzia pembeni. Katikati palibaki tundu dogo, akawa mithili ya mtu anayechungulia kwenye bomba. Daktari alimkataza kuendesha, naye alitii. Lakini kila baada ya siku kadhaa aliingia garini, akawasha, akakaa na mikono kwenye usukani akilisikiliza linavyonguruma, gari lisisogee hata shubiri. Mkewe alimwona kutoka dirisha la jikoni, akaendelea na vyombo vyake.

Mkewe alikuwa mkunga. Alikwisha kustaafu, lakini jina halikustaafu, hata sokoni watu waliita "Mkunga! Mkunga!" wakimsukumia mbele mijitu yenye ndevu: "Huyu ni wako huyu, ulimpokea wewe."

Jumamosi moja alasiri, kitinda mimba wao alikuwa anakuja kulichukua gari. Walimwita Kipipa kwa sababu alizaliwa mnene wa mviringo. Alipokuja kurefuka akawa kama nguzo ya simu, jina lilikuwa limeshakauka, halibanduki. Alikuwa bwana shamba, kituo chake mbali, njia zake mbovu, na nyumba nzima ilikubaliana gari limfae yeye kuliko kuoza pale uani. Wiki mbili kabla, Mkunga aliita vijana wa kuosha magari wakaja kulisugua ndani na nje, viti, mazulia, mpaka likanukia sabuni.

"Sitamkabidhi mtoto maiti," Fundi Cheche alisema asubuhi hiyo, chai ikimpolea mkononi. "Lazima nijue linaumwa nini."

"Tumwite yule mwanafunzi wako mwenye gereji barabara kuu."

"Aje aone kwamba mwalimu wake anapapasa kama kuku gizani?"

Mkunga akaweka kikombe chini. "Baba, mficha uchi hazai. Hilo nimelisema kwa wanawake wengi kuliko nywele zako, na leo nakuambia wewe. Huoni vizuri. Mimi naona. Wewe unajua waya, mimi sijui. Ukituunganisha sisi wawili tunapata fundi mmoja mzima."

Mzee akamalizia chai yake. Kisha akasema, "Kavae nguo ambayo huipendi."

Betri ilikuwa imelala ndani ikichajiwa, na taa ya chaja ilionyesha imejaa. Waliibeba wawili, huyu huku na yule huku, wakitaniwa na jirani aliyekuwa akipiga mswaki huku akichungulia juu ya ukuta. Fundi Cheche akaifunga waya wa chanya kwa vidole tu, bila kutazama. Ule wa hasi akauacha wazi. Akatoa mfukoni kifaa chake cha zamani, balbu ndogo yenye mikia miwili ya waya, akafunga mkia mmoja kwenye nguzo ya hasi ya betri na wa pili kwenye waya uliobaki wazi.

"Sasa sikiliza, mama watoto. Ufunguo haumo, milango imefungwa, gari limelala. Gari lililolala halinywi umeme, labda saa ya kwenye dashibodi inayoonjaonja tu. Kwa hiyo balbu hii haitakiwi kuwaka. Ikiwaka, kuna mtu ananyonya gizani."

Akainamisha uso mpaka pua ikakaribia kugusa betri, akiitafuta balbu kwa lile tundu lake la kuonea. Akaipata.

"Inawaka," alisema polepole. "Kinyonge, lakini inawaka. Umeona? Betri ilikuwa haina kosa, maskini. Tumeitukana bure."

Wakagawana kazi. Yeye akabaki mbele, chini ya boneti, uso kwenye balbu, maana kujua inawaka au imezima bado aliweza. Mkunga akaingia upande wa dereva, akapiga magoti, kichwa chini ya usukani kwenye kisanduku cha fyuzi. Kwanza aliambiwa akibane kile kidude cha mlango kwa tepu, la sivyo mlango ukiwa wazi taa ya juu ingewaka na kuwadanganya. Walishaiondoa alteneta, ile mashine ya kuchaji betri, kwenye lawama, kwa kuchomoa waya wake mnene. Balbu haikujali, ikaendelea kuwaka. Sasa ilikuwa zamu ya fyuzi, moja baada ya nyingine.

"Chomoa!"

"Nimechomoa."

"Bado inawaka. Rudisha. Inayofuata!"

"Imekwama."

"Usiivute kama jino! Itikise kidogo, kushoto, kulia, itakuja yenyewe."

"Wewe unamfundisha nani?" sauti ya Mkunga ilitoka chini ya usukani. "Mimi nimetoa watu wazima wenye mabega, nitashindwa na kijiplastiki? Haya, imekuja."

"Bado. Rudisha."

Jua lilipanda, bati la boneti likaanza kuwaka. Fundi Cheche alianza kukosa subira. Kila fyuzi isiyo na hatia ilimuudhi kana kwamba imemkosea yeye binafsi. Akagonga fenda kwa ngumi.

"Pumua," Mkunga alimwambia kwa sauti ile ile ya wodini, laini lakini haijadiliwi. "Pumua kwa pua, toa kwa mdomo. Haraka haitoi mtoto."

Mzee akapumua. Akacheka kidogo licha ya nafsi yake. Na fyuzi iliyofuata ilipochomoka, akapiga kelele hadi jirani akachungulia tena.

"Imezima! Imezima! Usiguse kitu! Hiyo ni ya nini?"

Mkunga akasoma kwenye kifuniko. "Taa za ndani, saa, redio."

"Huyo ndiye. Rudisha, sasa tumsake ndani ya ukoo wake."

Wakachomoa redio, balbu ikaendelea kuwaka. Wakatoa saa, ikafifia kwa kiasi ambacho yeye tu aliona, lakini ikawaka. Wakatoa taa ya juu, wakatoa taa ya buti. Inawaka. Fundi Cheche akasimama, akapangusa jasho. Kwa hesabu yake ukoo ulikuwa umekwisha, hakuna mwingine kwenye fyuzi ile.

"Baba," Mkunga akaita. "Kuna waya hapa."

"Gari lote ni waya, mama."

"Huu si ndugu yao. Wenzake wamevaa sare, huu umevaa kiraia. Ni wa kijani, au ulikuwa wa kijani. Umesokotwa tu kwa mwenzake, unateremka chini ya zulia kuelekea nyuma."

Fundi Cheche akazunguka gari akishikilia ubavu wake mpaka akafika mlangoni. Uso ulikuwa umemwiva. "Umesokotwa? Bila kuchomelewa? Nani kachokonoa gari langu? Ni fundi gani huyo wa jalalani? Mtu wa namna hiyo hafai kupewa hata tochi! Umefungwa na nini hapo kwenye kiungo?"

"Plasta."

"Tepu ya umeme."

"Hapana. Plasta ya vidonda, ya kitambaa." Mkunga akaisugua kwa kidole gumba, akainusa. "Plasta hii naijua. Ni ile ya wodini kwetu, enzi zile, kabla hawajaleta za plastiki. Nilikuwa natembea nayo kwenye mkoba."

Fundi Cheche aliyekuwa na matusi mengine matatu tayari mdomoni akayameza. Nyani haoni kundule, na huyu macho yake yenyewe hayakuwa mazima.

"Loo," alisema hatimaye. "Loo, loo, loo."

"Ni wewe."

"Fuata huo waya, mama watoto. Utakwenda mpaka chini ya kiti chako."

Kiti chake kilikuwa kile cha mbele, cha abiria. Alikikalia miaka yote na hakuwahi kuinama kutazama chini yake. Nani hutazama chini ya kiti chake? Akafungua mlango wa nyuma, akalifunua zulia lililosuguliwa na vijana wale. Hewa yenye joto ikampiga usoni, na harufu ya nyuzi zilizoanza kubabuka. Chini ya kiti, ikitazama nyuma, palikuwa na balbu ndani ya kifuniko cha kopo la maziwa kilichokunjwa kwa koleo. Ilikuwa inawaka. Pembeni yake palikuwa na kiswichi kama cha taa ya kitandani. Brashi ya wale vijana ndiyo iliyokisukuma, kisha wakalirudisha zulia juu yake vizuri, kwa usafi, wakaondoka. Tangu siku ile taa ilikuwa ikiwaka chini ya zulia, usiku na mchana, bila wa kuiona.

Akabonyeza swichi.

"Nenda katazame balbu yako," alimwambia mumewe.

Mzee akaenda akipapasa, akainama. "Imezima," alisema. Lakini safari hii hakupiga kelele.

Alirudi, akaingia kiti cha nyuma, akakaa kando ya mkewe. Walikaa hivyo, milango wazi, miguu yao ikiwa karibu na kile kifuniko cha kopo.

"Hii taa ya nini?" Mkunga aliuliza.

"Ya watoto. Enzi zile za kukungoja."

Enzi zile alizijua kwa upande wake. Zamu ya mchana ilikwisha saa kumi na mbili kwenye karatasi tu. Mtoto anayekuja hasomi karatasi. Mumewe aliwachukua watoto shuleni, akawaleta mpaka nje ya geti la hospitali, wakamngoja. Akitoka giza limeshaingia, aliwakuta wamelaliana nyuma kama magunia. "Wamelala tangu saa ngapi?" alikuwa akiuliza. Naye alijibiwa kila siku, "Tangu zamani. Hawana taabu."

"Kumbe hawakuwa wamelala," alisema sasa.

"Walikuwa wanafanya kazi za shule. Mwanzoni walitumia taa ya juu, wakapigana, kila mmoja anasema mwenzake anamtia kivuli. Nikaifunga hii chini, inawamulika wote sawa. Plasta niliitoa mkobani kwako, tepu ilikuwa imeniishia." Akakuna shavu. "Nikasema kesho nitakifunga kile kiungo vizuri. Kesho yenyewe ndiyo leo."

"Kwa nini uliniambia wamelala?"

Mzee aligusa kifuniko cha kopo kwa ncha ya kiatu. "Ulikuwa unatoka mle umechoka mpaka jina lako unalitafuta. Ningekuambia wanao wanafanya hesabu kwenye gari, wana njaa, wanakuuliza, ungeomba uhamisho wa ofisini kesho yake. Na wale wa ndani wangepokelewa na nani? Nikaona, basi, wakisikia unakuja wazime taa, walaliane. Wao wakadhani ni mchezo."

Kulikuwa na mfupa uliomkaa Mkunga kooni miaka mingi. Siku ya kumuaga binti yao wa kwanza akienda kuolewa, yule binti alisimama mbele ya wageni akasema, huku akicheka na kulia, "Sisi bwana tumelelewa na gari." Watu wakaangua kicheko. Mama yake naye alicheka, lakini neno lile lilimwingia kama mwiba wa samaki. Alilisikia kama shtaka. Amekuwa nalo jikoni, kitandani, kwenye sala. Sasa, akiwa amekaa mahali binti yule alipokuwa akikaa, akiitazama taa ile, alijiuliza kama alilielewa hata kidogo.

Kipipa alifika alasiri, mabega yameinama kama kawaida ya warefu waliozoea milango mifupi. Alikuta gari linanguruma uani, baba yake kwenye usukani akitabasamu peke yake, mama yake amejaa vumbi hadi kwenye nyusi.

"Tumepata ugonjwa," mama yake akamwambia. "Njoo utazame mwenyewe."

Kipipa aliinama, akaona kifuniko cha kopo, na sauti iliyomtoka haikuwa ya bwana shamba.

"Kumbe bado ipo!" Akajikunja, akajisukuma ndani ya kiti cha nyuma, magoti yakamfika masikioni. Akabonyeza swichi. "Mimi nafasi yangu ilikuwa katikati, hapa. Dada alikuwa na rula, ukivuka mpaka wake anakuchapa. Baba anatusomea imla kutoka kule mbele, anakosea herufi, dada anamsahihisha, baba anasema 'mwandishi wa kitabu ndiye aliyekosea'. Hesabu tulifanyia kwenye kioo mvua ikinyesha, kwa mvuke. Na kipengele cha mwisho, baba anasema 'anakuja!', tunazima, tunaanza kukoroma."

"Na ile kauli ya dada yako," Mkunga alisema, akitazama mikono yake, "ya siku ya kumuaga. Kwamba mlilelewa na gari."

"Mbona hata mimi nawaambia watu hivyo hivyo?" Kipipa alishangaa. "Wenzetu walikuwa na sebule, sisi tulikuwa na hii. Mama, kwani wewe ulidhani alisema nini?"

Mkunga aliingia ndani kunawa uso, akakaa huko zaidi ya inavyohitajika kunawa uso.

Aliporudi, jua lilikuwa limelegea. Alikuwa amebadilisha nguo. "Kabla hujaondoka nalo kesho," alimwambia mwanawe, "tupeleke pale."

Hakuna aliyeuliza pale ni wapi. Kipipa alishika usukani, baba yake akakaa mbele kwenye kile kiti cha abiria. Mkunga akakaa nyuma, mahali ambapo katika maisha yote ya gari lile hakuwahi kukaa likitembea. Waliegesha ng'ambo ya geti la hospitali, chini ya taa ya barabara ambayo enzi zile haikuwepo. Injini ikazimwa. Kutoka pale jengo la wazazi lilionekana dogo kuliko alivyolijua. Madirisha yake yalikuwa juu mno. Huwezi kuona mtu, unaona mwanga tu. Kwa hiyo hivi ndivyo walivyokuwa wakiona. Mwanga tu, na kungoja.

Baada ya muda mlango mdogo wa geti ulifunguka, akatoka mwanamke kijana mwenye sare ya kazi, mkoba begani.

"Nani huyo?" Fundi Cheche aliuliza. "Nasikia viatu."

"Mkunga," alisema Mkunga.

"Anatembeaje?"

"Kama mtu aliyechoka. Lakini ni uchovu mzuri."

"Wewe hatukukutazama unavyotembea," mzee alisema, uso ukiwa mbele. "Tulisikiliza mlango wa gari. Ukiubamiza, tunajua mama na mtoto wote wazima, tunaamka tunapiga kelele tunadai chakula. Ukiufunga polepole..."

"Ukiufunga polepole tunaendelea kulala," Kipipa akamalizia. "Mpaka nyumbani. Hata dada hakunichapa siku hizo."

Mkunga alizikumbuka siku za polepole, moja moja, kwa majina ya wale wanawake. Alidhani alizibeba peke yake, akiwa amekaa mbele, nyuma yake watoto waliolala. Aliweka mkono mmoja kwenye bega la mumewe na mwingine kwenye bega la mwanawe, akaiacha pale mpaka yule mkunga kijana alipopotea kwenye kona.

Kesho yake asubuhi gari liliwaka kwa mguso mmoja. Fundi Cheche alikataa kile kiungo kiondolewe. Alikichomelea mwenyewe, mkewe akimshikia waya, akakifunga kwa tepu halali. Kipipa akapiga honi mara nyingi kuliko inavyoruhusiwa, akatokomea.

Uani palibaki pana, pamekaa kama kinywa kilichong'olewa jino. Kwa wiki nzima mzee alitoka mlangoni akasimama, akarudi. Kisha siku moja simu ikaita. Alikuwa Kipipa, yuko njiani, gari linatoa sauti asiyoielewa.

"Usinielezee," Fundi Cheche alimwambia, akivuta kigoda. "Fungua boneti, weka simu karibu. Mama watoto, zima hiyo redio!"

Mkunga akazima redio, akaja kukaa kando yake, sikio karibu na simu. Kutoka mbali, kwenye barabara ya vumbi, gari lao lilikuwa linanguruma. Mzee alifumba macho yasiyomsaidia, akainua kidole ili watu wote wanyamaze.

"Hapo," alisema. "Umesikia hapo? Mkanda umelegea. Si ugonjwa huo, ni uzee tu. Mwambie akaze boliti ya chini, na mwambie asikaze sana."